Tathmini ya kampuni mbili za intaneti Dodoma: nani hutunza taarifa za mteja serikali ya mtaa inapozitaka?

Nina nyumba ya vyumba nane upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, niliyoijenga kidogo kidogo nikiwa bado mwalimu na ambayo sasa, baada ya kustaafu, ndiyo inayonilisha. Wapangaji wangu wengi ni vijana: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi wapya waliopangiwa kazi Mtumba, na akina mama wawili wanaojitegemea. Intaneti imo ndani ya kodi. Kwa miaka mitatu nimetumia kampuni mbili tofauti za intaneti ya nyumbani, na ninaandika tathmini hii kwa sababu ya jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka liliponikuta, nalo ni namna kampuni inavyozishughulikia taarifa za mteja pale ofisi ya serikali ya mtaa inapozitaka.

Sitataja jina la kampuni yoyote kati ya hizo mbili, wala kata ninayoishi. Mmoja wa wapangaji wangu anaweza kutambulika kwa urahisi endapo jina la kampuni, mtaa na mwezi vitawekwa pamoja, na haitakuwa haki kudai faragha yake huku mimi mwenyewe nikiianika. Nimemsomea haya yote kabla ya kuyatoa, naye ameniruhusu.

Kuhusu kasi na bei sina mengi ya kusema. Kampuni zote mbili hufunga redio juu ya paa ikitazama mnara, zote mbili huyumba kati ya Juni na Agosti upepo wetu unapovuma na kuisogeza redio kutoka mahali ilipoelekezwa, na zote mbili humleta fundi ndani ya siku moja au mbili. Ya kwanza nilikuwa nikiilipa shilingi 60,000 kwa mwezi, na ya pili nailipa 75,000. Hiyo nyongeza ya shilingi 15,000 naitoa kwa moyo mmoja, na sababu yake ni karatasi moja.

Karatasi hiyo niliiona asubuhi moja ofisa wa mtaa alipobisha hodi akiwa na mgambo wawili. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akakaa, akakubali chai, kisha akasema, "Mwalimu, ulituandikia kwamba una wapangaji watano, lakini hapa kuna vifaa 14." Akaifungua karatasi aliyokuwa ameikunja mara nne. Ilikuwa jedwali lililochapishwa kwa kompyuta, lenye wateja wote wa kampuni ile katika eneo letu, na safu zake zilikuwa saba: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, mahali nyumba ilipo, kifurushi, tarehe ya malipo ya mwisho, na safu ya mwisho iliyoandikwa "vifaa". Mbele ya jina langu yalikuwa yamepangwa majina ya simu na kompyuta zote zilizokuwa zimeunganishwa kwenye ruta yangu, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba.

Watu wengi hawajui kwamba simu hujitambulisha kwa ruta kwa jina, mara nyingi jina lile lile ambalo mwenye simu aliliandika siku alipoiwasha kwa mara ya kwanza. Ruta yangu ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni iliweza kuiingia kutoka ofisini kwake ili kurekebisha hitilafu bila kumtuma fundi. Ni urahisi mzuri, na nilikuwa nimeufurahia, lakini ndio huo huo uliomwezesha mfanyakazi wa kaunta kuyanakili majina ya simu za watu ambao hawakuwahi kusaini mkataba wowote na kampuni yake. Simu ya mpangaji wangu mmoja ilikuwa imeandikwa jina lake kamili pamoja na jina la mwanawe. Mama huyo alihamia Dodoma kutoka mkoa mwingine kwa sababu ambazo ni zake, na siku aliyoingia aliniomba jambo moja tu, kwamba mtu yeyote atakayekuja kumuulizia nimwambie simfahamu. Sasa jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyokwisha kupita mikononi mwa mwenyekiti, wajumbe na mgambo, na iliyokuwa na doa la mafuta pembeni kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Napenda kuwa mkweli kwa ofisi ya mtaa. Kazi aliyokuwa akiifanya kijana yule, ya kuhakiki wakazi na nyumba za kupangisha, ni kazi halali na ina faida kwetu. Wapangaji watano ndio niliowaandikisha mwanzoni mwa mwaka, na baada ya hapo walikuwa wameongezeka wawili ambao sikuwa nimepeleka taarifa zao, kosa ambalo nililisahihisha siku ile ile. Lakini kulisahihisha kulihitaji kuulizwa tu. Vifaa 14 havikumwambia lolote la uhakika, kwa kuwa mwanafunzi mmoja huwa na simu mbili na kompyuta, na runinga yangu nayo huhesabiwa. Angebisha hodi na daftari lake angepata jibu sahihi zaidi bila kumweka mtu yeyote hatarini.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kaunta ya kampuni, nilikokwenda mchana wa siku hiyo. Binti aliyenihudumia hakuficha kitu. Alisema ofisa alipiga simu, akajitambulisha, akaomba orodha, nao wakamtumia faili kwa WhatsApp. Nilipomwuliza barua iko wapi, akaniambia, "Mama, hao ni serikali, tungewakataliaje?" Hapakuwa na barua, hapakuwa na kumbukumbu namba, hapakuwa na jina la aliyeidhinisha, na hata leo kampuni ile haiwezi kumwonyesha mteja yeyote kwenye orodha ile ni lini na kwa nini taarifa zake zilitoka.

Swali la binti yule linastahili kujibiwa kwa uzito, maana linaulizwa kwa nia njema na watu wengi wanaoshika taarifa za wengine. Jibu lake limo kwenye sheria zetu wenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake, na inataka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, katika kifungu cha 98, inawafunga mtoa huduma, mfanyakazi wake na hata wakala wake katika wajibu wa kutunza siri za mteja, isipokuwa pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu kuzitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa na zisitumike kwa jambo lingine lisilopatana na kusudi hilo. Mimi nilitoa namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ili nifungiwe intaneti. Sikuitoa ili nihesabiwe wapangaji.

Ni kweli kwamba sheria hiyo ina misamaha, ikiwamo ya usalama wa taifa na ya kuzuia au kuchunguza uhalifu, na ni kweli pia kwamba vyombo vya dola vina mamlaka makubwa juu ya taarifa zetu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa chombo cha dola mwenye cheo kinacholingana na chake, uwezo wa kutoa amri ya kufichuliwa kwa data inayohitajika kwa upelelezi wa jinai, na amri hiyo si ya kuchezea. Mkurugenzi wa jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa Disemba 2016 baada ya kutokubali kutoa taarifa za watumiaji wa jukwaa lake, akasota mahakamani kwa miaka, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Kwa hiyo simtaki mfanyakazi wa kaunta mwenye mshahara mdogo awe shujaa. Namtaka aulize maswali matatu ambayo hayamgharimu kitu: nani anayeomba, kwa kifungu kipi, na anahitaji nini hasa. Ofisa wa mtaa anayehakiki wakazi hapelelezi jinai, na orodha ya wateja wote wa eneo zima haiwezi kuwa jibu la swali kuhusu nyumba moja.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo au la nadra. Mwaka 2014 kampuni ya Vodafone ilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu madai ya serikali katika nchi inazofanyia kazi, na kwa Tanzania pekee iliandika madai 98,765 ya taarifa zinazohusu mawasiliano ya wateja, yaani nani aliwasiliana na nani, lini na akiwa wapi. Hiyo ni kampuni moja, na ni kampuni iliyokubali kuhesabu na kusema. Tangu niisome takwimu hiyo naona kwamba mteja ana haki ya kuuliza idadi kama hiyo kwa kampuni yake, hata ikiwa ndogo kama hizi zetu za Dodoma.

Basi kabla ya kuhamia kampuni ya pili nilifanya jambo ambalo namshauri kila mwenye nyumba alifanye. Nilikwenda ofisini kwao na maswali yangu yakiwa yameandikwa kwenye daftari, nikaomba kuonana na mtu anayehusika na taarifa za wateja. Sheria ya mwaka 2022 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa binafsi isajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024, na iwe na ofisa ulinzi wa taarifa binafsi. Kampuni ya kwanza ilikuwa haijui ninazungumzia nini. Kampuni ya pili ilinionyesha cheti cha usajili ukutani, nyuma ya kaunta, na ofisa mwenyewe akatoka chumba cha ndani akaketi nami kwa karibu saa nzima.

Alinieleza kwamba ombi lolote la taarifa za mteja, kutoka ofisi yoyote, halijibiwi kwa simu wala kwa ujumbe. Lazima lije kwa barua yenye kumbukumbu namba, muhuri na saini, likitaja kifungu cha sheria, mteja au tukio linalohusika, na muda unaotakiwa. Barua huandikwa kwenye rejista ya karatasi ambayo mfanyakazi wa kaunta haruhusiwi kuifungua, na jibu husainiwa na watu wawili. Mteja huarifiwa ndani ya siku saba, isipokuwa amri yenyewe inapokataza. Haya yote yamo kwenye mkataba wangu, ukurasa wa nne, kwa Kiswahili kinachosomeka, na nilimwomba aweke saini pembeni mwa aya hiyo, naye akaiweka.

Alinifundisha pia jambo ambalo sikulijua. Anwani za IP, yaani namba zinazomtambulisha mtumiaji kwenye intaneti, za mfumo wa zamani ni takribani bilioni 4.3 duniani kote na hazitoshi, hivyo kampuni kama yake huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, wakitofautishwa na namba ya poti tu, yaani namba ya ziada inayoambatana na anwani katika kila mawasiliano. Ombi linalotaja anwani na tarehe bila saa kamili na namba ya poti linaweza kuangukia nyumba 40 au zaidi, na kampuni inayojibu tu ili kumridhisha aliyeomba itakuwa imetoa majina ya watu 39 wasio na hatia kwa kila mmoja anayetafutwa. Bila kutaja kesi wala mteja, alisema wamewahi kurudisha amri ya polisi ili saa na poti viongezwe, polisi wakaviongeza, na jina moja likatolewa. Ilihusu utapeli wa simu. Nililifurahia hilo, kwa sababu matapeli wamewaliza wastaafu wenzangu wengi na ninataka wakamatwe.

Ahadi za ofisini huwa tamu, kwa hiyo nilisubiri nione vitendo, na nafasi ilikuja mwezi wa tano wa huduma. Nilipigiwa simu na kampuni nikaarifiwa kwamba ofisi ya mtaa imeleta barua ikiomba orodha ya wateja wa eneo letu pamoja na vifaa vyao, yaani jedwali lile lile. Walijibu kwa kutoa idadi ya wateja peke yake, bila jina wala namba, na kuieleza ofisi kwamba ikihitaji zaidi itaje sheria inayoiruhusu na mteja inayemhusu. Nilipewa nakala ya jibu hilo. Lilikuwa la aya mbili, lenye heshima, linaloanza kwa "Tafadhali rejea barua yako". Ofisi haikuandika tena. Wiki mbili baadaye kijana yule wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akafika kwangu, nikamwandikisha wapangaji wangu wote saba mmoja mmoja, kila mtu akijitaja mwenyewe. Yule mama alizungumza naye pembeni, na jina lake likaandikwa kwenye daftari linalofungiwa kabatini.

Hata hivyo kampuni hii ina kasoro, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ya wakala aliyekuja kunisajili. Alikipiga picha kitambulisho changu cha taifa kwa simu yake mwenyewe, pande zote mbili, akaituma kwa WhatsApp kwa mtu wa ofisini. Nilimwomba aifute mbele yangu. Aliifuta, lakini alipokuwa akiitafuta niliona kwa macho yangu vitambulisho vya watu wengine vikipita kwenye kioo cha simu yake, kimoja baada ya kingine, pamoja na picha za harusi na za mbuzi wake. Rejista yenye kufuli ofisini haina maana kubwa ikiwa simu ya wakala inaweza kusahauliwa kwenye bodaboda pale Sabasaba.

Kasoro ya pili ni muda wa kutunza kumbukumbu za matumizi. Mkataba unasema siku 90, lakini ofisa alikiri kwamba mfumo wao bado haujifuti wenyewe na kwamba kumbukumbu za nyuma zaidi ya hapo zipo. Kampuni haisomi ujumbe uliosimbwa, hilo ni kweli, lakini huona jina la tovuti iliyofunguliwa, saa na kiasi cha data, na mtu akijua kwamba nyumba fulani hufungua tovuti ya ushauri wa waathirika wa ukatili kila Jumapili usiku hahitaji kusoma ujumbe wenyewe. Kisichotunzwa hakiwezi kuombwa. Kampuni ndogo ya Sonic ya California ilipunguza muda wa kutunza kumbukumbu zake hadi wiki mbili kwa sababu hiyo hiyo, na sioni kwa nini ya Dodoma ishindwe kutimiza hizo siku 90 ilizoziandika yenyewe.

Kwa upande wangu nilinunua ruta yangu mwenyewe, ambayo kampuni haiwezi kuingia ndani yake bila mimi kuwaruhusu, na fundi alinisaidia kuifunga ndani ya nusu saa. Jioni hiyo niliwaita wapangaji sebuleni, tukafungua mipangilio ya kila simu na kubadilisha majina. Sasa ukiangalia orodha ya vifaa kwenye ruta yangu utaona "simu 1", "simu 2", mpaka mwisho.

Kwa yote hayo, kati ya nyota tano, kampuni ya kwanza naipa moja, kwa sababu ya mafundi wake waliokuwa waungwana. Ya pili naipa nne. Mkataba wangu nayo unaisha mwezi ujao na nimeamua kuendelea, ila nimeiandikia barua ya kuomba mambo mawili: mawakala wapewe programu ya usajili isiyohifadhi picha kwenye simu zao, na kumbukumbu zilizopita siku 90 zifutwe, kisha niarifiwe kwa maandishi zikishafutwa. Niliipeleka mwenyewe Jumatatu iliyopita. Binti wa kaunta aliipokea, akaandika tarehe, akaigongea muhuri nakala yangu, nami nikaiweka kwenye faili pamoja na ile barua ya aya mbili.